Fremu Hiyo ni ya Nani?

Amri ya serikali ya Tanzania imetoka na mmeisikia. Biashara 15, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu na ufundi simu hadi kununua mazao shambani, hazimhusu tena asiye raia. Faini si chini ya shilingi milioni 10, jela hadi miezi 6, viza inafutwa. Hatuna ugomvi na amri. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo amelia siku nyingi, na alikuwa na haki ya kulia.

Kinachotutia hofu ni mitandao. Mtu anasimama mlangoni mwa duka, simu juu, anamrekodi Mchina aliye nyuma ya kaunta na kumdai kibali kwa sauti ya mgambo, kisha anairusha video mtandaoni. Maoni yanamiminika: arudi kwao! Leo Mchina. Kesho Mkenya. Keshokutwa Mrundi, na baada yake mtu wa Kigoma ambaye kosa lake ni lafudhi.

Lakini fremu ya duka hilo ni ya nani? Nani alipokea kodi ya mwaka mzima, na kilemba juu? Leseni iliyobandikwa ukutani ina jina la nani? Tumeuliza hapa mara nyingi, na tunauliza tena: fremu ni ya nani? Amri yenyewe inamgusa mwenye fremu. Raia atakayemsaidia mgeni kuikiuka, faini milioni 5 au jela miezi 3. Kipengele hicho hakirushwi na mtu.

Wakenya nao wameijibu amri hii, wengine kwa matusi. Wanaotukumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, wana hoja, na wanastahili jibu la mwanasheria, si kejeli.

Halafu kuna mama wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Moroni, anayefunga mzigo Kariakoo. Jioni yuko gesti, anafungua simu, anasoma “wageni waondoke”. Safari ijayo atakuja?

Weka simu chini, ndugu msikilizaji! Ukaguzi una wenyewe, afisa biashara na Uhamiaji, nao huja na vitambulisho. Unalijua duka lenye leseni ya kukodishwa? Nenda kaseme, na uanze kwa kumtaja mwenyeji. Nawe mwenye nyumba unayeandika huko mtandaoni kwamba wageni warudi kwao, utoe kwanza ule mkataba uliousaini nao.