Kuacha Steroidi: Mwili Hurudi, Lakini Hauharakishwi

Mazungumzo ya afya kwa vijana na wazazi wa Gesima, Kaunti ya Nyamira



Kijana aliyekuwa akitumia sindano au vidonge vya kujaza misuli akiacha, mara nyingi huanza kwa kuishiwa nguvu. Vyuma alivyobeba mwezi jana vinamshinda, hamu ya tendo la ndoa inapotea, na moyo unakuwa mzito. Wengi hudhani wameharibika, wakarudia sindano. Hapo ndipo tatizo hukua.

Mkulima wa chai ataelewa kinachotokea. Ubongo hutuma ujumbe kwenye korodani zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, pamoja na mbegu. Steroidi ikiingia kutoka nje, ubongo huona homoni imejaa na kunyamaza, kama kiwanda kinachojaa majani na kuagiza uchumaji usimame. Korodani zikikosa kazi hunywea, na mbegu hupungua au kwisha kabisa.

Dawa ikikatika, ujumbe haurudi siku hiyo hiyo. Sindano za mafuta hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet ulifuatilia wanaume wenye afya waliopewa homoni hizi kama njia ya kupanga uzazi. Baada ya kuacha, takriban 67 kati ya 100 walirejea kiwango cha mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6, na 90 ndani ya miezi 12. Hao walipewa vipimo vya daktari. Anayechanganya dawa kadhaa kwa miezi mingi anaweza kungoja zaidi, na baadhi hawarudi kikamilifu bila matibabu.

Afanye nini? Kwanza, asirudie. Pili, aende kituo cha afya na kutaja kila alichotumia, hata akibeba chupa yenyewe. Testosteroni hupimwa kwa damu ya asubuhi kabla ya kula, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Ini na wingi wa damu pia huangaliwa. Tatu, alale vya kutosha, ale vizuri na aendelee na mazoezi ya kiasi.

Asinunue klomifeni au tamoksifeni kwa kuelekezwa na rafiki wa jimu. Daktari huweza kumpa mgonjwa fulani dawa hizo, lakini baada ya vipimo. Aliyewahi kushiriki sindano na wenzake apimwe VVU na homa ya ini. Akipata mawazo ya kujiua, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Dawa hizi si zile steroidi za pumu. Anayetumia za pumu asiziache bila daktari.

Mwisho, neno kwa familia. Mtoto akichelewa, vidole huelekezwa kwa mke. Mume aliyetumia sindano na kunyamaza anamwacha mkewe abebe lawama isiyo yake. Waende kliniki wote wawili, naye mume aseme ukweli. Wazazi nao wampokee bila matusi, kwani kijana anayeogopa kufokewa atarudi kwa muuzaji kabla ya kufika kwa daktari.