Namna ya Kujitayarisha Kusema Mbele ya Watu
Maneno kwa moniteri wa mashamba

Ndugu zangu moniteri,

Leo sitawaeleza juu ya jembe wala juu ya mbegu. Nitawaeleza juu ya kinywa. Kwani kazi yetu ina vyombo viwili: mikono ya kuonyesha, na kinywa cha kueleza. Chombo cha pili wengi wetu hatukufundishwa kukitumia. Tunajua kupima shamba kwa kamba na kunyosha mistari. Lakini tukiambiwa: «Kesho utasema na watu wa kijiji fulani juu ya ugonjwa wa mihogo», usiku ule hatupati usingizi.

Mimi pia nilikuwa hivi. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili ninyi msiipate.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu nilitumwa kusema juu ya ugonjwa ule wenye kuleta madoa ya manjano katika majani ya mihogo na kuyakunja. Niliandika maneno yote katika kaye, kurasa nne. Nilifika kijijini jua limekwisha kupanda; watu walikuwa wakiningoja tangu asubuhi. Nikafungua kaye, nikasoma upesi upesi, macho chini, magoti yakitetemeka. Nikawaambia: «Ng'oeni miti yote yenye ugonjwa, mkaichome moto.»

Ndipo mama mmoja mzee akasimama, akasema: «Mwanangu, katika shamba langu miti mizima ni michache. Nikiing'oa ile mingine yote, wajukuu wangu watakula nini mwezi huu?»

Nikatazama kaye yangu. Jibu halikuwamo. Nikasema: «Ndivyo ilivyoandikwa, mama.» Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, na kule kunyamaza kuliniuma kuliko kicheko. Wakaenda zao.

Mvua zilizofuata nikapita kijijini mle. Walikuwa wamepanda vijiti vilivyokatwa katika mashamba yale yale yenye ugonjwa. Majani machanga yalikuwa na madoa tayari. Hawakuwa watu wabishi. Mimi sikuwapa neno la kushika. Na mihogo si mchezo: ndiyo ugali wetu, ndiyo sombe yetu. Mti ulioshikwa sana huzaa mizizi michache na midogo. Basi maneno yangu mabaya yaliingia mpaka katika sufuria za watu.

Tangu siku ile nilijifunza mambo haya.

Neno la kwanza: Ujue jambo lenyewe mpaka chini. Kuandika katika kaye si kujua. Ugonjwa huu haukuletwa na uchawi wala na radi. Mzungu mmoja jina lake Warburg aliuandika mwaka 1894, katika nchi iliyo leo Tanzania. Baadaye wenye elimu walitambua kwamba unaletwa na virusi, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Una njia mbili. Njia ya kwanza ni kijiti: ukikata kijiti katika mti wenye ugonjwa, umepanda ugonjwa. Njia ya pili ni vidudu vidogo vyeupe vyenye kuruka, vinavyokaa chini ya majani. Hunyonya mti mgonjwa, kisha huenda kunyonya mti mzima. Mtu akijua sababu hizi, swali halimtishi, kwani jibu hutoka katika sababu.

Tena ujue habari ya mihogo yenyewe. Ilitoka Amerika; Wareno waliileta pwani ya Kongo katika miaka ya 1500. Basi mzee akikuambia kwamba mambo mapya si ya mababu, mjibu kwa heshima: «Baba, mihogo nayo ilikuwa mgeni. Mababu waliijaribu, wakaona inafaa.»

Neno la pili: Tangulia kwenda. Usifike siku ile ile ya kusema. Fika siku moja mbele, msalimu chefu na kapita, kisha uingie mashambani. Uwaulize akina mama, kwani mara nyingi ndio wenye kupanda mihogo. Kuuliza si ujinga. Nilipotumwa mara ya pili nilikwenda kwanza katika shamba la yule mama mzee. Tukahesabu pamoja: katika miti kumi, saba ilikuwa na madoa. Nikamwuliza: «Mama, vijiti vyako unavitoa wapi?» Akanijibu kwamba miti yenye nguvu huing'oa mbele, sababu ina mizizi mikubwa, na vijiti vyake hutupwa. Wakati wa kupanda ukifika, iliyobaki ni ile mibaya tu. Jambo hili halikuwa katika kaye yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Neno la tatu: Chagua maneno machache. Kurasa nne hazikai katika kichwa cha mtu aliyesimama juani. Mimi nilichagua matatu, nikayahesabu kwa vidole:

1. Miti ingali na majani, funga kamba katika ile isiyo na madoa. Majani yakiisha kuanguka hutaitambua tena.

2. Vijiti vya kupanda vitoke katika miti ile tu. Kata sehemu ya katikati iliyokomaa, urefu wa sentimetre 20 mpaka 25, yenye macho matano mpaka saba.

3. Shamba jipya likichipuka, lipitie kila juma. Mti mchanga ukionyesha madoa katika miezi ya kwanza, ung'oe, na mahali pake panda kijiti kizuri.

Na jibu la mama mzee ni hili: mti mkubwa wenye ugonjwa usiung'oe upesi. Uache, ule mizizi yake, kwani ugonjwa huu ni wa miti, hauwashiki watu. Mihogo michungu mwiloweke majini kama desturi. Lakini kijiti cha mti ule usikipande wala usimpe jirani.

Neno la nne: Jizoeze kwa sauti. Maneno uliyoyasoma kimya hukimbia mbele ya watu. Mimi nilianza kuiambia migomba nyuma ya nyumba. Kisha jioni nikamwambia rafiki: «Kaa hapo, niulize maswali magumu.» Akaniuliza matano, mawili yakanishinda, nikayatafutia majibu usiku ule ule. Afadhali kushindwa mbele ya rafiki. Kama watu wa kijiji hawasikii Kiswahili vizuri, tafuta mtu wa kugeuza maneno, umweleze yote mbele ya siku ya mkutano, asije akakisia. Maneno yako yasipite nusu saa.

Neno la tano: Chukua vitu vya kuonyesha. Jani zima na jani lenye madoa. Mzizi mnene na mzizi mwembamba, ya umri mmoja. Mtu akishika kitu mkononi haachi kusikiliza. Na wewe mikono yako ikiwa na kazi, haitetemeki sana.

Neno la sita: Siku yenyewe fika mapema. Kula kidogo. Salimu wazee kwanza, na wote kisha. Kabla ya kufungua kinywa, vuta pumzi mara mbili. Tazama uso mmoja wenye wema, sema nao, kisha uhamie mwingine. Sema polepole. Woga hautaisha wote, usiungoje uishe. Mtu aliyejitayarisha huogopa pia, lakini anajua neno litakalofuata.

Wakikuuliza usilolijua, usitunge jibu. Sema: «Jambo hili silijui, nitauliza, na siku fulani nitarudi.» Kisha urudi kweli. Wala usiahidi kupita kweli. Mimi niliwaambia wazi kwamba vile vidudu vyeupe vyaweza kuleta ugonjwa hata katika kijiti kizuri. Lakini anayeanza na kijiti kizuri ameanza na shamba zima, na anayeanza na kibaya ameanza na hasara.

Mara ile ya pili, niliposema neno la kwanza juu ya kufunga kamba, yule mama mzee alisimama tena. Nikaogopa. Lakini aliwageukia wenzake, akawaeleza kwa lugha yao jinsi tulivyohesabu shambani mwake. Alieleza vizuri kuniliko. Nilipopita tena, miti tisa katika shamba lake ilikuwa na kamba.

Basi, ndugu moniteri, kabla hujatoka nyumbani jiulize: Je, sababu naijua? Je, mashamba yao nimeyaona? Je, maneno yangu yanahesabika kwa vidole? Je, nimeyasema kwa sauti mbele ya mtu? Ukijibu ndiyo mara nne, funga kaye yako, uende.