Roboti za Bati

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mafundi wa Japani waliokota makopo matupu ya askari wa Marekani, wakayanyosha, wakaunda vitu vya kuchezea watoto. Katika miaka ya 1950 bati likawa roboti: nyingine ya ufunguo, nyingine ya betri, inatembea huku macho yakiwaka. Leo wanaozitafuta ni watu wazima, tena kwa fedha nyingi. Bwana Teruhisa Kitahara alikusanya vitu vya bati hata akafungua jumba la makumbusho mjini Yokohama mwaka 1986.

Mnunuzi huuliza kwanza, “Je, boksi lake lipo?” Kisha huchungulia penye betri, kwa kuwa betri iliyosahauliwa huvuja ikala bati. Ghali kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeichezea. Mimi, wakusanyaji waniwie radhi, ningechagua iliyokwaruzika.