Karatasi Kwanza, Kisha Fedha



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo litajwalo sana miongoni mwetu, nalo ni kuchanga fedha na kufungua duka la shirika. Nia ni njema. Lakini twaona kwamba mara nyingi fedha hutangulia na shauri hufuata nyuma. Yapasa iwe kinyume.

Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28 walianzisha duka kwa mtaji wa pauni 28. Kabla ya kufungua mlango tarehe 21 Desemba, walikwisha kuandika makusudi yao na kanuni zao. Walianza na vitu vichache, kama unga, siagi, sukari na mishumaa, wala hawakuuza kwa mkopo. Duka lile dogo likawa mfano kwa vyama vya ushirika vya nchi nyingi.

Sasa na tufanye hesabu ya mfano. Watu 20 wakitoa shilingi 100,000 kila mmoja, tuna 2,000,000. Kodi ya nyumba ya miezi sita kwa 100,000 ni 600,000. Leseni, rafu na mizani, tuseme 400,000. Basi fedha ya kununulia bidhaa ni 1,000,000 tu, wala si 2,000,000 kama tulivyojivunia mkutanoni.

Tena, kila mwezi duka litakula kodi 100,000 na mshahara wa mwuzaji 150,000. Ikiwa katika kila shilingi 100 za mauzo faida ni 10, hatuna budi kuuza kwa 2,500,000 kila mwezi ili tusipate hasara. Maana yake, bidhaa zote ziishe na kununuliwa tena zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Na tukikopesha nusu ya mauzo hayo mpaka siku ya mshahara, deni peke yake litapita bidhaa zote tulizoanza nazo. Rafu zitakuwa tupu hali daftari limejaa majina ya rafiki zetu.

Hayo yote karatasi yatuonya kabla hatujatoa hata senti moja. Na iseme pia: wanunuzi ni nani, nao sasa wanunua wapi? Nani atashika ufunguo, na nani mwingine atashika daftari? Mwanachama akihamishwa kituo, fungu lake atarudishiwa lini? Swali hili la mwisho lisipojibiwa mapema, huvunja urafiki pamoja na duka.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuandikao mambo ya watu wengine mchana kutwa, tusishindwe kuandika kurasa mbili kwa ajili ya mali yetu wenyewe. Na hesabu ikikataa, tuikubali. Kuvunja shauri ni rahisi kuliko kuvunja duka.