Mbegu Huota Mkulima Akiwa Usingizini
(Dominika ya 11 ya Mwaka B)



Injili ya Dominika hii, iliyoandikwa na Mtakatifu Marko katika sura ya nne, inatupeleka shambani. Bwana wetu anatusimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu ardhini, kisha akaendelea na maisha yake: usiku akalala, asubuhi akaamka. Mbegu nayo ikachipua na kurefuka, mwenyewe asijue imefanyaje. Jani likatangulia, suke likafuata, na mwishowe zikaja punje zilizokomaa. Baada ya hapo Bwana anatuonyesha punje ya haradali, iliyo ndogo kabisa machoni pa watu, lakini ikikua hutoa matawi ambamo ndege hupata kivuli.

Ninyi mnaolima Masieda na kote katika wilaya za Mbulu na Hanang hamhitaji kufafanuliwa mfano huu. Mwezi huu wa Juni mnayatazama mahindi na mtama mlioupanda mvua zilipoanza. Mlipalilia, mkafukuza ndege na wanyama waharibifu. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyekesha shambani akilivuta jani ili lirefuke. Mlipanda, mkalala, na Mungu akafanya kazi yake gizani.

Ajabu ni kwamba mkulima huyu huyu, anayemwamini Mungu kwa punje ya mtama, hamwamini kwa roho yake mwenyewe. Akifika katika shamba la roho hubadili desturi. Huchukua jiwe, huliweka juu ya mche, na kusema, "Hapa ndipo mwisho wangu." Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi vigangoni. Mmoja husema, "Mimi kazi yangu ni kufagia kanisa; kusoma somo ni kwa waliosoma." Mwingine husema, "Nimezeeka, mafundisho yamekwisha kunipita." Wa tatu husema, "Hasira hii ni ya ukoo wetu, nilizaliwa nayo na nitazikwa nayo." Wa nne husema, "Katika boma letu hajapata kutoka mtawa wala padre," na kwa neno hilo humfungia njia binti yake kabla hajakua.

Ndugu wapendwa, maneno hayo tumezoea kuyaita unyenyekevu, wala siyo. Unyenyekevu husema, "Mimi ni mdogo, na Mungu ni mkuu." Maneno haya husema, "Mimi ni mdogo, kwa hiyo Mungu naye hawezi kutenda kwangu ila dogo." Bikira Maria alijiita mtumishi, akajua udogo wake kuliko sisi sote; hata hivyo hakumpangia Mungu kipimo. Aliuliza swali moja, akajibiwa, akakubali. Mtu anayejiwekea mpaka ambao Mungu hakuuweka amejitwalia kiti cha hakimu, hata kama anakikalia huku ameinamisha kichwa.

Leo tunawiwa kuungama jambo mbele yenu, kwa kuwa mpaka wa namna hiyo tuliwahi kuuchora sisi wenyewe. Mhusika ametupa ruhusa ya kulisimulia bila kumtaja jina.

Tungali padre kijana, tulikuwa tukihudumia vigango vya pande za Masieda. Kwaresima moja tulikaa chini ya mti kuwauliza wakatekumeni maswali kabla ya Ubatizo, maana kanisa lilikuwa bado halijaezekwa. Akasimama mbele yetu mwanamume mmoja wa makamo, mkulima na mfugaji. Alikuwa amehudhuria mafundisho miaka 2, akitembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi. Tulimwambia azitaje Sakramenti saba. Akataja tatu, akanyamaza. Tukamwuliza Amri za Mungu, zikamchanganyikia. Lugha yake ilikuwa Kiiraqw, na Kiswahili alichokijua kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe na kununulia chumvi. Hatukumwuliza sababu ya kutaka kubatizwa. Watu wa kuulizwa walikuwa wengi, wingu lilikuwa limetanda, nasi tuliogopa mvua isije ikatufungia njia. Tukamwambia, "Bado. Jaribu mwakani."

Neno "bado" ni jepesi katika kinywa cha padre. Masikioni mwa mtu yule lilikuwa "kamwe".

Mwaka uliofuata hakuja kuulizwa, wala uliofuata huo. Lakini hakuliacha Kanisa. Kila Dominika aliketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Alibeba mawe ya ukuta, akachanga fedha za mabati. Mkewe na watoto wake wote walibatizwa, na yeye ndiye aliyewahimiza. Wenzake walipoinuka kwenda kupokea Ekaristi Takatifu, yeye alitoka nje polepole, kama mtu anayekwenda kutazama hali ya mbingu. Katekista alipomsemesha juu ya Ubatizo alijibu, "Mimi ni wa mlangoni." Nasi kila tulipopita tulimsalimu kwa furaha, tukamwita "mzee wa mlangoni", tukaona ni kawaida. Ikapita miaka 19.

Siku moja mama mmoja wa jumuiya yake aliugua sana. Wanajumuiya wakakusanyika jioni, na kiongozi wao alikuwa safarini. Mgonjwa akamwomba mzee yule asali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliokuwamo. Akakataa mara mbili. Mara ya tatu akasali, kwa Kiiraqw. Alimweleza Mungu habari za mama yule, za watoto wake, za ng'ombe wake wawili waliokufa kwa ukame, kisha akawaombea msamaha wote waliokuwamo nyumbani, akianza na yeye mwenyewe. Katekista alikuja kutuambia, "Baba Padre, nimefundisha watu sala miaka mingi. Usiku ule nilifundishwa."

Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alishangaa, akasema, "Baba, wewe hukukosa. Mimi ndimi niliyeshindwa." Ndipo tukamwuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza miaka ile 19 iliyopita: unatafuta nini katika Ubatizo? Alinyamaza kitambo, akajibu, "Nataka Yesu aniite kwa jina, kama anavyowaita wanangu." Wapendwa, hatujapata kusikia katika mtihani wowote jibu linalolipita hilo. Alifundishwa upya kwa lugha yake, akabatizwa katika Mkesha wa Pasaka uliofuata. Amri ya nane hadi leo humtangulia ile ya saba.

Tazameni basi jinsi mbegu inavyofanya kazi. Miaka ile yote sisi tulidhani shamba lile ni tupu, na mwenye shamba alidhani vivyo hivyo. Kumbe chini ya jiwe tulilolibeba wawili, padre na mkatekumeni, mche ulikuwa ukikua. Ulikua katika mawe ya ukuta aliyoyabeba, ukakua katika watoto aliowatanguliza, ukakua hata alipokuwa akitoka nje mlangoni kwa uchungu. Somo la kwanza la leo, kutoka kwa Nabii Ezekieli, linatuonyesha Mungu mwenyewe akichuma kitawi kichanga cha mwerezi na kukipanda juu ya mlima. Kitawi hakijipandi wala hakichagui kimo chake. Na Mtakatifu Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, anatukumbusha kwamba safari yetu ni ya imani, si ya kuona.

Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi iliyoitwa metimani. Mtu aliyepatwa na pigo zito, kama kufiwa, alikaa kando na wenzake, asishiriki nao chakula wala kinywaji, mpaka muda wake utimie. Leo hatukuja kuihukumu desturi hiyo wala kuisifu. Tunasema neno moja tu: ilikuwa na mwisho. Siku ilifika, na mtu akarudi kati ya watu. Lakini wako Wakristo waliojitenga kwa hukumu yao wenyewe, kwa ajili ya kosa la zamani, au aibu, au neno baya waliloambiwa na mkubwa fulani, na hakuna anayewahesabia siku. Ndugu yangu, dada yangu, ni nani aliyekuweka huko? Ikiwa ni dhambi, Kitubio kipo. Ikiwa ni ndoa isiyobarikiwa, njoo tuzungumze. Na ikiwa ni wewe uliyejiweka, basi jua kwamba Kristo hakuuweka mpaka huo, na leo anakuita utoke.

Hapa yatupasa kutofautisha, mtu asije akatusikia vibaya. Amri za Mungu si mipaka ya kujiwekea. Hizo ni kingo za mto, bila hizo maji hupotea jangwani. Tunaloliacha leo ni lile neno "siwezi" ambalo Mungu hakulisema. Aidha, kuutumainia ukuaji si kukaa bure. Mkulima wa Injili alilala, lakini alilala baada ya kupanda. Asiyepanda na kulala huyo ni mvivu tu, na mwezi wa mavuno utamwumbua.

Pengine mmoja wenu atasema, "Baba, mimi nilijaribu, nikaanguka mbele ya macho ya watu." Kwa ajili yako tunamkumbuka mwana wa Mbulu hii hii, John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki, mjini Mexico City. Njiani alianguka, goti likaumia vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha kuchwa, mguu umefungwa bandeji, akichechemea, akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Sehemu hiyo ya habari inajulikana duniani kote. Sehemu ya pili husimuliwa mara chache: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia tena marathoni, akamaliza wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Kama angekubali kwamba jioni ile ya Mexico ndiyo kipimo chake, asingefika Edinburgh. Kuanguka kulikuwa kweli, na jeraha lilikuwa kweli. Lakini havikuwa mpaka. Ikiwa mwili unaochakaa unaweza hivyo, je, roho inayolishwa kwa Mwili na Damu ya Bwana?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa, Lumen Gentium, ya mwaka 1964, ulitenga sura nzima, ya tano, kufundisha kwamba waamini wote wa kila hali ya maisha wameitwa kwenye utakatifu. Waamini wote, ndugu zangu. Katika sura hiyo halimo benchi la mlangoni.

Kwenu makatekista, wenzetu katika kupanda, tunawaachia mambo matatu.

Kwanza, kabla hamjamwuliza mtu anajua nini, mwulizeni anatafuta nini. Sisi tulilipa miaka 19 kwa kuupindua utaratibu huo.

Pili, mfundisheni kwa lugha anayoombolezea msiba wake. Iwe Kiiraqw, iwe Kidatoga, iwe Kihadza, Mungu huisikia kabla ya kutafsiriwa. Kiswahili kitakuja kwa wakati wake.

Tatu, angalieni neno "bado". Likiwa lazima kusemwa, basi lisemwe pamoja na siku ya kurudi, na asiporudi, mwendeeni nyumbani. Mkulima akiona mche haujatoka hulifukua tuta kwa kidole atazame. Haendi zake akisema udongo haukutaka.

Na kwetu sote, wiki hii kila mmoja achague neno moja la "siwezi" alilolizoea. Alipeleke mbele ya Tabernakulo, au mbele ya msalaba wa nyumbani, amwulize Bwana, "Je, neno hili ni lako au ni langu?" Likionekana si la Bwana, aliondoe kama jiwe juu ya mche, kisha apande tendo moja dogo: asome somo moja, aombe msamaha kwa jirani mmoja, aongoze fumbo moja la rozari katika jumuiya. Baada ya hapo alale. Asiamke usiku kuvuta jani. Kazi iliyobaki si yake.

Mzee yule hivi sasa huketi benchi la tatu kutoka mbele. Dominika yake ya kwanza baada ya Pasaka alikosea, akaenda kuketi mlangoni kwa mazoea. Mjukuu wake ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Tuombe. Ee Bwana wa mavuno, wewe unayeikuza mbegu tusipojua, utuondolee mawe tuliyoyaweka juu ya roho zetu na juu ya roho za wenzetu. Utujalie kupanda kwa bidii na kulala kwa matumaini. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.