Dawa ya Viluilui na Geti Lililofungwa



Kila mtumishi anayepita mtaani na bomba mgongoni huulizwa swali lile lile: je, anachokimwaga mtaroni si sumu itakayoingia visimani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika namna dawa yenyewe inavyopatikana.

Dawa hiyo hutokana na bakteria. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, watafiti walikuta kidimbwi chenye viluilui vya mbu vilivyokufa, na humo wakampata bakteria anayeitwa leo Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Bakteria huyu hutengeneza chembe ndogo ya protini mfano wa fuwele. Kiluilui kikiimeza, utumbo wake wenye hali ya magadi huiyeyusha chembe hiyo, nayo hugeuka sumu inayoutoboa utumbo huo. Kwa kawaida kiluilui hufa ndani ya siku moja. Tumbo la binadamu lina tindikali, na fuwele ile hupita humo bila kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, maji ya dimbwi hubaki maji ya dimbwi. Hayawi ya kunywa kwa sababu yametiwa dawa salama.

Dawa ya namna hii hutengenezwa jirani kabisa na Dar es Salaam, Kibaha, katika kiwanda cha Tanzania Biotech Products kilicho chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Kilijengwa kwa teknolojia ya kampuni ya Labiofam ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Anayejua kuvundika pombe ataielewa kazi yake kwa urahisi. Bakteria hukuzwa ndani ya matangi, wakapewa chakula, hewa na joto la kadiri, mpaka chakula kiishe nao waanze kutengeneza mbegu na fuwele. Hapo ndipo huvunwa. Kijidudu kigeni kikipenya, tangi zima huweza kuharibika. Kwa hiyo usafi ndio roho ya kiwanda cha aina hii.

Zipo dawa mbili. Ya pili hutokana na Bacillus sphaericus, nayo hudumu zaidi katika maji machafu ya makaro na vyoo vya shimo, anakozaliana mbu aina ya Culex, mmoja wa waenezaji wa matende. Lakini haimwezi vizuri mbu wa homa ya dengi, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Huyo hupenda mapipa, ndoo na matairi, na dawa yake ni Bti. Chupa isiyolingana na mahali ni fedha iliyomwagwa.

Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda hicho na kuziagiza halmashauri zinunue dawa yake. Kununua, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Ilala ilikwisha kujifunza hayo kabla ya kiwanda kuwapo. Mwaka 2006 Buguruni ilikuwa miongoni mwa kata tatu za kwanza jijini kutiwa dawa za bakteria chini ya Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini. Wakazi wa mitaa husika walipewa maeneo ya kukagua kila wiki, dimbwi kwa dimbwi, na maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yalipungua. Watafiti waliofuatilia ukaguzi huo waligundua pia mahali ulipopwaya: mazalia mengi yalirukwa ndani ya nyua zilizozungushiwa uzio, hasa pale mkaguzi alipokuwa hafahamiki. Mlinzi hafungui, mwenye nyumba yuko kazini.

Wiki moja si muda uliochaguliwa kwa kubahatisha. Katika joto la Dar es Salaam, yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Isitoshe, kiluilui kikishageuka buu huacha kula, na kisichokula hakimezi dawa. Ua uliorukwa wiki hii hutoa mbu wiki ijayo, nao huwauma hata majirani waliofungua milango.

Wenye bustani za mchicha bonde la Msimbazi wasiazime dawa hii kwa ajili ya viwavi. Viwavi wa mboga, kama wale wa stroberi, wana bakteria wao wa ukoo huo huo, aina ya kurstaki, nayo huuzwa kama kiuatilifu cha kilimo. Bti hailengi viwavi.

Mkaguzi akigonga, mwenye nyumba ana haki ya kudai kitambulisho na kumwita mjumbe amthibitishe. Akishathibitishwa, aonyeshwe karo, tangi lisilo na mfuniko na matairi yaliyo nyuma ya banda. Ambaye hashindi nyumbani amwachie jirani ufunguo wa geti.