Mwenyeji, Mgeni na Mkalimani: Kiswahili cha Kompyuta Ndani ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Kigonsera ni kijiji cha Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kando ya barabara iendayo Mbinga kutoka Songea. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa hapo mwaka 1899, na katika seminari yake alisoma Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005. Kwa hiyo hapa ni mahali penye historia ndefu ya shule. Ni mahali pia penye historia ndefu ya lugha kukutana: Mmatengo wa milimani, Mngoni wa Songea na Mnyasa wa ufukweni mwa Ziwa wakikutana sokoni, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Mhadhara huu unajadili swali moja. Mwanafunzi wa Kigonsera anayetaka kujifunza kompyuta ndogo ya bodi moja, naye hana bodi hiyo, anaweza kuelezwa kwa Kiswahili namna ya kuipata ndani ya kompyuta nyingine? Kwa upande mmoja swali hili ni la kiufundi, na kwa upande mwingine ni la kiisimu. Inadaiwa hapa kwamba upande wa pili ndio ulioachwa nyuma, na anayelipa gharama ni mwanafunzi. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo yeye hukariri jina la jambo kabla ya kulielewa jambo lenyewe.

2.0 Kifaa na mwigo wake

Raspberry Pi ilitolewa nchini Uingereza Februari 2012. Ni kompyuta kamili juu ya bodi yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, na mfumo wake endeshi hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Bodi ya kwanza iliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Kwa kuwa hutumia umeme kidogo, shirika la Powering Potential limeitumia pamoja na umeme wa jua katika shule za sekondari za Tanzania, zikiwamo za Karatu. Hata hivyo, bei iliyo ndogo kwa kompyuta si ndogo kwa mtoto wa mkulima.

Pale ambapo shule ina kompyuta moja ya kawaida yenye Linux, ipo njia nyingine: QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Programu hii huiga vifaa vya kompyuta nyingine. Awali Raspberry Pi haikuwamo katika orodha ya mashine zake, na watumiaji walilazimika kuazima mashine ya aina nyingine, iitwayo versatilepb, pamoja na kernel iliyorekebishwa. Bodi ya pili iliingizwa mwaka 2016, ya tatu mwaka 2018, na ya nne mwaka 2024.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Mwanafunzi huchukua taswira ya kadi, yaani faili moja lenye yote yaliyomo katika kadi halisi. Kutoka humo hutoa faili mbili: kernel, na orodha inayoieleza kernel vifaa vilivyopo. Kisha huongeza ukubwa wa taswira hadi ufikie kipeo cha mbili, kama vile gigabaiti 4 au 8, kwa sababu QEMU hukataa kadi ya ukubwa mwingine. Mwisho huita mashine kwa jina lake, kwa mfano raspi3b, ambayo hupewa kumbukumbu ya gigabaiti 1 kama bodi yenyewe.

3.0 Kazi ya mkalimani

Kiini cha jambo hili ni tafsiri. Prosesa ya Raspberry Pi huelewa lugha ya ARM. Kompyuta nyingi za mezani huelewa lugha ya x86. QEMU husoma fungu dogo la amri za ARM, hulitafsiri katika lugha ya kati, kisha hulitoa katika lugha ya mwenyeji. Fungu lililokwisha kutafsiriwa huhifadhiwa, ili likihitajika tena lisitafsiriwe upya.

Faida ya lugha ya kati inaonekana kwa hesabu. Lugha 5 za wageni na lugha 4 za wenyeji zingehitaji wakalimani 20 iwapo kila jozi ingekuwa na wake. Kwa kupitia lugha moja ya kati, wanatosha 9. Msikilizaji wa Kigonsera hahitaji mfano wa mbali, kwani Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo baina ya Kimatengo, Kingoni na lugha za ziwani.

Mgeni na mwenyeji wakiwa wa lugha moja, mkalimani haitajiki. Ndivyo ifanyavyo KVM, sehemu ya Linux tangu mwaka 2007: amri nyingi za mgeni hupelekwa moja kwa moja kwa prosesa, na kasi hukaribia ile ya mwenyeji. Palipo na mkalimani, mwendo hupungua.

4.0 Suala la istilahi

Mambo mawili hayo yakipewa jina moja, mwanafunzi hatajua kwa nini mashine yake inakwenda polepole. Kiswahili kina uwezo wa kuyatenga. Kuiga si kuigiza. Anayeigiza udaktari jukwaani hamponyi mtu. Mwanagenzi anayeiga kazi ya fundi hutengeneza kiti kinachokalika. QEMU huiga, hivyo kiigaji ni jina linaloistahili.

Neno pepe lina utata zaidi. Katika barua pepe lina maana ya kielektroniki. Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini. Mashine pepe haina chuma chake yenyewe, na kwa hilo jina linafaa. Lakini ina kernel inayofanya kazi kweli, na kernel kwa Kiswahili chepesi ni kiini. Mwalimu akitumia istilahi hiyo budi aeleze kwamba pepe hii ina kiini, la sivyo jina litapotosha.

Kazi ya namna hii si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na watumiaji wakakutana na menyu na amri kwa Kiswahili.

5.0 Hitimisho

Mwigo una mpaka wake. Bodi halisi ina pini 40 za kuunganishia nyaya. Kiigaji hakina pa kuchomeka waya. Mwanafunzi wa Mbinga anayetaka kupima unyevu katika ghala la kahawa ataweza kuandika programu yake na kuijaribu kwa tarakimu za kubuni, lakini kipimo chenyewe kitasubiri bodi. Siku bodi itakapofika, atahamishia programu ile ile katika kadi, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa imekwisha fanyika.

Wanaisimu nao wasisubiri kifaa. Mwenyeji, mgeni, mkalimani na kiigaji ni maneno ambayo mwanafunzi huyo anayaelewa tangu sasa. Kinachobaki ni kuyasanifisha na kuyaingiza vitabuni.